Kiberiti Kikae Mkononi mwa Nani?

Oktoba moja, miaka kadhaa nyuma, nilijikuta nikizima moto kwenye mashamba ya misindano upande wa Mufindi. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Majani chini ya miti yalivunjika ukiyakanyaga, na upepo wa mchana ulikuwa unageuka kila baada ya dakika chache. Tulikuwa watu thelathini hivi, na matawi mabichi mikononi. Mbele yetu palikuwa na barabara ya moto, ule ukanda unaolimwa kila mwaka ili moto ukifika ukose cha kula. Mwaka ule haukulimwa. Nyasi zilikuwa zimesimama usawa wa kiuno.

Mlinzi wa shamba, kijana wa miaka ishirini na kitu, alijua la kufanya. Ulikuwa umebaki muda mfupi wa kuziwasha zile nyasi sisi wenyewe, upande wetu, ziungue taratibu huku tukizisimamia, moto mkubwa ukifika ukute majivu. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwake. Lakini alikuwa na amri: hakuna kuwasha moto wowote shambani bila ruhusa ya msimamizi, na msimamizi alikuwa Mafinga mjini. Pale bondeni mtandao haukushika. Kijana akapanda mlima mbio, simu ameiinua juu, akarudi anahema: "Anasema nisubiri kidogo, naye anampigia mkubwa wake." Akapanda tena. Mara ya tatu aliposhuka hakusema kitu, alitupatia simu tusome. Ujumbe ulikuwa wa neno moja: Washa. Moto ulikuwa umeshavuka, tunausikia ukinguruma nyuma yetu kwenye miti ya miaka minane.

Mzee mmoja wa pale akamshika bega. "Kamwene, mwanangu. Kaa chini upumue."

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndiyo njia fupi ninayoijua ya kuingia kwenye swali linaloyahangaisha majeshi mengi ya dunia sasa, na letu halina sababu ya kulikwepa: mazingira yakiwa tata, habari zikija nusunusu, adui akiwa hana sare wala mstari wa mbele, uamuzi ukae kwa nani? Ukae juu, kwa mwenye nyota nyingi begani na ramani kubwa ukutani, au ushuke kwa luteni na sajenti waliopo pale, wanaoona kwa macho yao? Jibu langu nalisema mapema. Uamuzi wa namna ya kupigana ushuke, tena ushuke mbali kuliko wakubwa wengi wanavyopenda. Ila yapo mambo mawili ambayo lazima yamshukie huyo wa chini kwanza: nia ya mkubwa wake, na habari alizonazo mkubwa huyo. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Umelala kando ya barabara kuu.

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Ilula kuna mnara wa Lugalo. Mabasi ya Dar es Salaam huupita kwa kasi na abiria wengi hawageuzi hata shingo. Maeneo hayo, asubuhi ya 17 Agosti 1891, msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, ulimalizwa na Wahehe kwa muda mfupi kiasi kwamba chai ya moto isingepoa. Wajerumani 10, akiwemo Zelewski mwenyewe, na mamia ya askari wao wa kuajiriwa na wapagazi walibaki pale. Zelewski alikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe wengi walikuwa na mikuki na ngao.

Kwa kawaida tunaisimulia Lugalo kama habari ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Mimi nataka tuitazame kama habari ya uongozi. Msafara wa Zelewski ulikuwa nyoka mrefu porini: kichwa hakioni mkia, silaha nzito zimo mizigoni, na kila mtu anangoja neno kutoka mbele. Neno likichelewa, au anayelitoa akifa mapema, hakuna aliyejua afanye nini. Upande wa pili, watu waliolala vichakani kila kundi liliona kipande kidogo tu cha njia. Masimulizi yanayorudiwa kuhusu siku ile husema kwamba ishara ya kushambulia ilikuwa mlio wa bunduki, na kwamba mlio huo ulikuja kabla ya wakati, Mjerumani mmoja alipompiga risasi ndege. Kama ndivyo ilivyokuwa, fikiria maana yake. Mpango umevurugika sekunde ya kwanza. Hakuna mjumbe wa kutumwa kwenda kuuliza kama ishara ni ya kweli au la. Na bado maelfu ya watu wakainuka kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alijua kwa nini yuko pale na nini kinatakiwa kitokee. Hawakuhitaji kuambiwa tena.

Miaka mitatu baadaye mambo yakawa mengine. Mkwawa, mtwa yaani mtawala mkuu wa Wahehe, alikuwa amejenga ngome ya Kalenga, Lipuli kama wenyewe walivyoiita, jina ambalo leo vijana wa Iringa wanalijua zaidi kwa timu ya mpira. Ukuta wa mawe, watu wengi ndani, akiba, baruti, makao ya mtawala, vyote mahali pamoja. Mwisho wa Oktoba 1894 Wajerumani wakaja na mizinga chini ya Gavana von Schele, na tarehe 30 ngome ikaanguka. Nguvu ileile iliyotawanyika vichakani Lugalo na kumshangaza adui, Kalenga ilikuwa imekusanywa ndani ya boma ambalo mizinga ingeweza kulilenga. Adui aliyekuwa gizani porini akapewa kitu kinachokaa sehemu moja. Naamini hilo lilikuwa kosa, na nalisema kwa heshima ya mtu ambaye watoto wetu wanafundishwa jina lake kabla ya kujua kusoma vizuri.

Lakini ngojeni kidogo, maana hapa wachambuzi wengi huishia na kutangaza ushindi wa kutawanya madaraka. Baada ya Kalenga, Mkwawa aliendelea kupigana kwa karibu miaka minne akiwa hana ngome. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Walimtawaza ndugu yake Mpangile mwishoni mwa 1896, kisha wakamnyonga mwanzoni mwa 1897 wakimtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Mtandao ulikuwa hai kiasi hicho. Hata hivyo ulikuwa unakatika kipande kwa kipande. Wanzagila, wale watawala wadogo walioshika maeneo kwa niaba ya mtwa, walisalimu amri mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesalimu aliondoka na watu wake, chakula chake na habari zake. Aliyebaki hakujua tena nani bado yupo. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi akiwa karibu peke yake. Kutawanyika kulimpa muda, ila hakukuwa na kitu cha kuwaunganisha waliotawanyika, na muda ukaisha.

Nchi za Ulaya zilijifunza jambo hili kwa kipigo pia. Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, ilikuwa na jeshi lililosifiwa kwa paredi na utii, na Oktoba 1806 majeshi ya Napoleon yakalivunja Jena na Auerstedt kwa siku moja. Waliobaki, Scharnhorst na wenzake, wakaanza kujenga upya, na vizazi viwili baadaye Moltke, mkuu wa majeshi wa Prussia, akaandika kwamba hakuna mpango wa vita unaoweza kuwa na uhakika ukishakutana na nguvu kuu ya adui. Kutokana na hapo ukakua mtindo wa amri unaomweleza wa chini nini kinatakiwa na kwa sababu gani, namna ya kukifanya akaachiwa mwenyewe. Maneno haya ya Moltke yananukuliwa kila mahali. Kinachosahaulika ni zile shule, yale mazoezi ya ramani, ule utaratibu wa maofisa kuzungushwa kati ya makao makuu na vikosi mpaka wakafahamiana fikra. Luteni aliachiwa aamue kwa sababu mkubwa wake alikuwa ameshamwona akiamua mara nyingi mezani, akikosea, akirekebishwa. Jeshi linalotaka tunda hili bila kumwagilia mti litapata vurugu.

Vurugu hiyo tuliiona hapahapa kwetu. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia, yakashika Tukuyu mwezi Mei na Iringa mwezi Agosti. Wajerumani waliokuwa Tabora chini ya Wahle wakashuka kuja kuungana na wenzao kusini, wakigawanyika katika misafara iliyopita njia tofauti. Hapakuwa na simu ya upepo ya kuwaunganisha. Wajumbe walitembea kwa miguu. Mmoja wa misafara hiyo, wa Hübner, ulijikuta peke yake na kujisalimisha Ilembule mwezi Novemba, wenzake wakiwa wanapigana kwingine. Msomaji wa Wanging'ombe anaijua Ilembule kwa hospitali yake. Apajue pia kama mahali ambapo kikosi kizima kilipotea kwa kutojua mwenzake yuko wapi.

Kisha akaja Wintgens, ofisa mwingine wa Kijerumani. Februari 1917, akiwa huku kusini na mamia ya askari, alitakiwa abaki pamoja na wenzake. Yeye akaona nafasi nyingine, akageuka kaskazini kwa uamuzi wake mwenyewe, akapasua nchi akielekea Tabora. Aliugua homa ya chawa na kukamatwa na Wabelgiji mwezi Mei. Naumann akashika uongozi, akaendelea kuzunguka hadi alipojisalimisha mwanzoni mwa Oktoba, mbali kabisa, upande wa Kondoa. Maelfu ya askari wa adui walivutwa kumkimbiza. Wapo wanaouita msafara huo kazi safi ya ofisa anayejua kujiamulia. Lettow-Vorbeck, mkuu wake, aliusifu ujasiri wake lakini akasikitika kwamba nguvu ile ilikwenda mbali na mahali ilipokuwa ikihitajika. Naona Lettow-Vorbeck alikuwa na haki. Wintgens alikuwa na uhuru na akili ya kivita, ila nia yake ilikuwa imeachana na nia ya jeshi lake. Ukimpa mtu uhuru bila nia moja, utakuwa umempa jeshi lake binafsi.

Na siwezi kuipita habari hiyo bila kusema walioilipia. Majeshi hayo yote, ya Wajerumani na ya Waingereza, yaliishi kwa kuchukua chakula na wanaume. Ghala la Mbena lilikuwa ndilo stoo ya kombania. Wapagazi walikufa njiani kwa njaa na maradhi, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Mwaka 1918 Lettow-Vorbeck alipanda tena kutoka Msumbiji, akapita Ubena na Mbozi kuingia Rhodesia Kaskazini, na habari kwamba vita vimekwisha Ulaya tarehe 11 Novemba zilimkuta siku mbili baadaye mto Chambeshi. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, katika mji ambao leo unaitwa Mbala. Vitabu vingi vya mafunzo ya kijeshi husifu wepesi wa jeshi lile dogo. Wepesi huo ulibebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu. Kwa hiyo ninapotetea kushusha uamuzi kwa kombania na platuni, nataka na wajibu kwa raia ushuke nao: luteni anayeamua peke yake porini awe anajua kwamba mazao ya kijiji hayamo kwenye mamlaka aliyopewa.

Vita vya Kagera vinatupa mfano wa karibu zaidi, na wazee waliovipigana bado tunakaa nao Mbeya, Njombe na Songea. Ndani ya wiki chache jeshi letu lilipanuka kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo wanamgambo wengi waliotoka mashambani. Machi 1979, pale Lukaya nchini Uganda, brigedi ya 201, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa wanamgambo hao, ilipigwa na maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kusikia mlio ule, kupita juu hakupunguzi kitu. Safu ikavunjika. Usiku huo Jenerali David Musuguri, aliyekuwa anaongoza divisheni ya 20, aliiagiza brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa imeshatangulia upande mwingine, igeuke irudi kumpiga adui ubavuni. Ilitembea gizani kwenye ardhi ya kigeni, na alfajiri ya Machi 11 ikashambulia. Walibya wapatao 200 walibaki pale.

Kuna mambo mawili humo ambayo sijayasoma yakisemwa vya kutosha. La kwanza ni kwamba adui alikuwa ameshashinda jana yake na hakujua. Njia ya kwenda Masaka ilikuwa wazi. Walibya na Waganda wakasimama palepale Lukaya. Jeshi la Amin lilikuwa limezoea kwamba kila kitu kinatoka kwa mtu mmoja, na maofisa waliofikiri wenyewe walikuwa wameshaondolewa au wameuawa miaka mingi nyuma. Alipokufa Luteni Kanali Godwin Sule katika mapigano hayo, uongozi uliobaki ukayumba vibaya. La pili linatuhusu sisi. Brigedi mbili za jeshi moja, siku moja, hazikuweza kupewa uhuru ule ule. Iliyokuwa na askari waliozoeana ingeweza kuambiwa "geuka, mpige ubavuni" na ikajitafutia njia. Iliyojaa watu waliovaa buti miezi mitatu iliyopita ilihitaji kamanda aonekane, sauti isikike, amri ziwe fupi na za karibu. Anayedai muundo mmoja wa uongozi kwa vikosi vyote anadai kitu ambacho Lukaya ilikikataa. Uhuru upimwe kwa mafunzo, kikosi kwa kikosi, na upandishwe taratibu kama mzigo wa mtu anayejifunza kubeba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa. Vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Majeneza yalipopokewa Dar es Salaam, huku kwetu redio zilikuwa zimefunguliwa kila duka, na watu wamesimama nje wakisikiliza bila kununua kitu. Umoja wa Mataifa uliunda uchunguzi maalumu, na matokeo yake yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2018 yalitaja mapengo katika mafunzo, yakasema hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuongeza nguvu na kuwatoa askari walioshambuliwa, na kwamba matatizo ya uongozi na amri, pamoja na uhaba wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, vilikuwa vikwazo vikubwa.

Yasomeni tena maneno hayo taratibu. Mtu anayesema "shusheni uamuzi kwa kamanda wa kambi" lazima ajibu: aamue kwa kutumia nini? Kamanda wa kambi ya mbali anaweza kupewa mamlaka yote duniani ya kupigana atakavyo, na bado helikopta si yake, taarifa za adui si zake, kikosi cha kumwokoa si chake. Katika misheni nyingi za Umoja wa Mataifa usafiri wa anga hupitia utaratibu wa utawala wa kiraia. Kamanda wa brigedi ana wakubwa ndani ya misheni, na kila nchi iliyotoa askari ina sauti yake nyumbani. Amri katika mazingira hayo ina mabwana wengi, na kila bwana ana saa zake za ofisi. Kushusha wajibu bila kushusha uwezo ni kumwachia mdogo lawama. Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba kuna vitu lazima vishuke kwanza, na hapa naongeza cha tatu: haki ya kuita msaada na ukaja. Sajenti akisema kwenye redio kwamba amezidiwa, neno hilo litoshe kuiinua ndege iliyo tayari, kwa makubaliano yaliyofanywa kabla, si kwa kikao kinachoitishwa usiku ule.

Nchi nyingine zimelifanyia kazi upande wa habari. Huko Iraq, Wamarekani chini ya Jenerali McChrystal waligundua kwamba vikosi vyao maalumu vilikuwa hodari kila kimoja peke yake na vipofu vikiwa pamoja. Alichofanya kwanza ni kufungua habari: mkutano wa kila siku kwa njia ya video, maelfu ya watu wa ngazi zote na idara zote wanasikiliza jambo lilelile. Baada ya hapo ndipo akaruhusu uamuzi ufanyike chini. Mpangilio huo wa nini kitangulie nini ndio ninaoutaka kwetu. Sidai kwamba ulileta amani Iraq; haukuleta, maana vita vya aina ile haviishi kwa wepesi wa kuvamia nyumba usiku. Lakini uliondoa ile hali ya mtu mmoja kujua bomu lilipo na mwingine kuligonga.

Wapo watakaonikumbusha Januari 1964, na wana haki. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi, nchi changa ikatikisika, Mwalimu akalazimika kuomba msaada kwa Waingereza waliokuwa wameondoka juzi tu. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ili jambo lile lisirudie, na tangu hapo utii kwa mamlaka ya kiraia umekuwa ndio uti wa mgongo wake. Kambi ya Colito yalikoanzia maasi inaitwa leo Lugalo. Nimewahi kujiuliza kama waliochagua jina hilo walifikiria vitu viwili ninavyovifikiria mimi: kwamba jeshi linaweza kukumbuka uasi na mavizio kwa wakati mmoja, na likajua tofauti yake. Kumpa luteni nafasi ya kuamua avuke mto wapi hakumpi nafasi ya kuamua vita vianze lini, vipiganwe na nani, viishe kwa masharti gani. Hayo ni ya wananchi na wale waliowachagua. Nchi yenye hofu inayachanganya haya mawili, inambana luteni asivuke mto kwa kuogopa kwamba kesho atavuka na Ikulu. Matokeo yake ni kama yale ya jeshi la Amin.

Kuna hatari mpya ambayo Moltke hakuijua, na nayo inatokana na kitu tulichodhani kingesaidia. Simu. Zamani jenerali alilazimika kumwamini kanali kwa sababu hakuwa na njia ya kumfikia. Leo mkubwa aliye umbali wa kilomita elfu anaweza kuona picha ya droni na kumwambia koplo asogee kushoto. Kila mawasiliano yakiboreka, kishawishi cha kuamua kutoka juu kinakua. Na wa chini naye anajifunza haraka: kwa nini niamue nikosee, wakati naweza kupiga simu nikaangukiwa na lawama nusu tu? Kijana wa Mufindi asingepanda mlima mara tatu kama simu isingekuwepo. Angetazama upepo, angetutazama sisi na matawi yetu, angewasha. Mtandao ulipokuwa dhaifu kiasi kile, ulitosha kumzuia na haukutosha kumsaidia. Naomba wanaoliandaa jeshi letu kwa vifaa vya kisasa wawafanyishe maofisa mazoezi ya siku tatu redio zikiwa zimezimwa kabisa, tena wakubwa ndio wazimiwe, wakae na ramani yao kimya na kusubiri kuona walichowafundisha vijana wao.

Habari ya Mufindi haikuishia pale. Mwaka uliofuata, kabla ya kiangazi, wenye mashamba madogo wa maeneo yale walikaa uwanja wa shule pamoja na wasimamizi wa mashamba makubwa. Walichagua watu watatu wa kushika kiberiti, mmoja kila bonde, na yule kijana akiwa mmoja wao. Masharti yalikuwa mafupi: uwe na watu wasiopungua kumi, utazame upepo, uwe umefyeka nyuma yako, kisha washa. Simu upige kuarifu, sio kuomba.

Septemba hiyo kijana aliwasha na upepo ukageuka. Mistari kadhaa ya miti ya mama mmoja mjane iliungua. Kikao kiliitishwa, nami nilikwenda, kwa sababu nilitaka kuona. Alisimama katikati, kofia mkononi. Hawakumuuliza nani alikuruhusu. Walimuuliza upepo ulikuwa unatoka wapi alipowasha, alikuwa na watu wangapi, alifyeka upana gani. Kisha wote tukaenda kwa miguu mpaka pale, wazee wakapima kwa hatua, wakaangalia majivu yalikoelekea. Ukanda ulikuwa umefyekwa vizuri. Watu walikuwa kumi na wawili. Tuliporudi walikubaliana miti ya yule mama ipandwe upya kwa nguvu ya wote mvua zikianza, na vijana wawili wakajitolea kuilinda mwaka wa kwanza. Mzee yuleyule aliyemshika bega mwaka wa kwanza akachukua kiberiti kilichokuwa juu ya meza, akakitikisa asikie kama bado kina njiti, akamrudishia.